Matunguu Yasiyotoa Machozi

Siku yangu ya kwanza kwenye kitalu cha maua pale Kitale, Nyapara aliniwekea mezani vitu viwili vya rangi ya kahawia, kila kimoja kikubwa kama ngumi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati wa kiangazi.

"Nasimiyu, hivi ni nini?"

"Vitunguu," nikajibu.

Alicheka mpaka akashika meza. "Vitunguu ni vya jikoni. Haya ni matunguu ya maua. Ua linalala humo ndani likingoja mvua ya Machi. Moja ni la amarilisi, jingine ni la krinamu. Ukimdanganya mteja, atajua maua yakichanua, na atakayetukanwa ni mimi."

Amarilisi yetu ilitoa maua mekundu juu ya bua lililo wazi ndani kama mrija. Krinamu ilikuwa nyeupe, na bua lake limejaa. Lakini wateja walinunua kabla ya mvua, hakuna ua wala bua. Kwa hivyo Nyapara alinifundisha kutumia vidole. Unachuna ganda la ndani na kulipasua polepole. La amarilisi hukatika tu. La krinamu huacha nyuzi nyembamba, kama za buibui, kati ya vipande viwili. Gladiola, ua la tatu tuliloliuza, haina maganda ndani. Ukiikata imeshikana kama nduma. Nilichuna na kupasua miaka mitatu, vidole vikiniwasha kwa utomvu, mpaka nikaweza kazi hiyo huku nikipiga hadithi.

Kisha nikahamishiwa tawi la Bungoma. Meneja wa huko alikuwa mtu wa tai, aliyetoka kwenye biashara ya mbolea.

"Panga kwa ukubwa tu, bana," aliniambia. "Si yote ni sawa? Nani atajua?"

Niliendelea kuchuna akiwa hayupo.

Siku moja gunia la krinamu lilifika kutoka Kitale nikiwa shambani. Wapakuaji waliliweka kwenye veranda ya jikoni, kando ya gunia la vitunguu. Mama Nafula, mpishi wetu wa mchana, akaingiza mkono kwenye gunia lililokuwa karibu. Nilipokuja kunawa nikaona kisu chake kimewekwa juu ya ubao, na kati ya vipande vilivyobaki kulikuwa na nyuzi nyeupe.

"Mama, vitunguu vimekuliza leo?"

"Hata tone! Nimekata vinne, macho makavu. Leo nimebahatika."

Nilinyakua sufuria nikamwaga mboga yote mtaroni. Meneja akatoka mbio, bakuli mkononi. Yeye alikuwa ameshapakuliwa chakula.

"Una wazimu? Watu kumi na wawili watakula nini?"

"Meneja, umekula?"

"Vijiko viwili tu. Na ilikuwa chungu."

"Hiyo ni sumu. Twende hospitali."

"Ati sumu? Mimi niko sawa!"

Haikupita robo saa akawa ameinama uani, tai imemning'inia, anatapika. Tulimpandisha bodaboda, dereva mbele, mimi nyuma nikimshika, na nusu ya tunguu kwenye mfuko wa plastiki. Njia nzima nilikuwa nikiomba. Daktari alipouliza amekula nini, nilimpa lile tunguu na jina lake. Wakamtundikia maji, na kesho yake akatoka, amekonda kidogo.

Alikuja moja kwa moja kwenye banda langu, akaketi juu ya kreti.

"Yale mambo ya nyuzi," akasema, "nifundishe."

Aliyeumia zaidi ni Mama Nafula. Alikaa kwao Sirisia siku mbili, ana aibu, hataki kurudi. Nilimfuata mwenyewe. Siku aliyorudi nilikula sahani ya kwanza mbele ya wote, nikaomba nyongeza. Hapo akacheka.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Kamukuywa. Kila kiangazi majirani huniletea matunguu waliyochimba, wakitaka kujua mvua itawapa rangi gani. Vijana wana simu zinazotambua maua, lakini simu zao zinangoja ua litoke. Mimi hupasua ganda na kusema papo hapo. Mwaka jana nilimwambia mke wa katekista kwamba tunguu lake litatoa ua jeupe, bila hata kulipasua, kwa kujiona mjuzi. Ua likatoka jekundu kama moto. Wiki nzima alipita langoni kwangu na ua moja nyweleni, akinisalimu kwa adabu zote: "Habari ya asubuhi, mwalimu."