Mistari mitatu ya chokaa mlangoni kwa Mzee Abednego

Saa mbili asubuhi, Redempta Novatus amezama hadi kiunoni katika shimo alilochimba mwenyewe katikati ya ua wa watu, na anaimba. Majirani waliomzunguka wanacheka. Mwenye ua, Mzee Abednego, hacheki.

"Ukimaliza kunichimbia kaburi, unifukie vizuri," anasema mzee.

"Kaburi utachimbiwa na masika, mzee wangu. Mimi nakutoa humo!"

Ni Februari 1995, kijijini Bendera, kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Upare Kusini, wilayani Same. Masika yamebakiza wiki chache. Kazi ya Redempta, mwenye umri wa miaka 48, ni kupita nyumba kwa nyumba kuangalia ipi itabebwa na maji ya mlimani yakishuka.

Hana chombo cha kitaalamu. Ana fimbo yenye alama, ndoo ya chokaa na ulimi usiochoka. Anauliza mlango unaelekea wapi, mahindi yanawekwa wapi, na nani ndani ya nyumba hawezi kukimbia. Kisha anapiga chokaa mlangoni. Mstari mmoja: kaa kwa amani. Miwili: pandisha chakula darini. Mitatu: hama.

Serikali ya kijiji humpa posho ya shilingi elfu sita kwa mwezi, ikipatikana.

"Mwezi uliopita nimelipwa kuku," anasema na kuangua kicheko. "Tena na mtu wa mstari mmoja. Wa mistari mitatu hanipi hata maji ya kunywa."

Amepitia nyumba 143. Thelathini na moja zilipata mistari mitatu, na thelathini zimeshahama. Imebaki hii ya Mzee Abednego, yenye watu tisa, akiwemo mama yake mzazi, Bibi Raheli, asiyeweza kutembea.

Mzee huyu alishuka kutoka Bombo, mlimani, miaka minne iliyopita, bei ya kahawa ilipomkatisha tamaa. Sera ya serikali ya ruksa ilikuwa imefungua biashara huria, akauza mitumba Hedaru mpaka akaezeka nyumba kwa mabati ishirini na manne. Ukimwambia ahame, anayatazama kwanza hayo mabati.

Redempta hamlaumu. Naye ni mzaliwa wa Bombo, na kosa hilo la kujenga kwenye njia ya maji alilifanya kabla yake.

"Sisi wa mlimani tumezoea kulima mguu mmoja juu, mwingine chini," anaeleza. "Tukiona tambarare safi, haina jiwe wala kichaka, tunasema Mungu ametuandalia. Hatuulizi nani aliyefyeka. Korongo ndilo lililofyeka!"

Mwaka 1986 korongo hilo lilifurika maji ya mlimani, likamchukulia nyumba, mbuzi sita na cherehani. Yeye na watoto waliokolewa na mti wa mgunga walioukwea. Anasema nyumba hiyo ilikuwa hapa hapa, kwenye ua huu. Mzee Abednego haamini. Korongo liko hatua mia mbili kutoka hapa, anabisha, na ua wake haujawahi kuguswa na mafuriko tangu ajenge.

Ubishi ukafika kwa mwenyekiti wa kitongoji, Amiri, wakawekeana sharti mbele yake. Redempta akiyakuta mafiga yake ya zamani chini ya mchanga ulioletwa na maji, mzee anahama. Akiyakosa, anafuta chokaa na hakanyagi tena hapa.

Saa nne jembe linagonga jiwe. Redempta anaacha kuimba. Anapiga magoti, anafukua kwa mikono. Jiwe la pili. La tatu. Yote yana masizi bado. Anayafuta kwa kanga, na machozi yanamtoka.

"Hapa nilimpikia mwanangu Fredrick uji," anasema.

Mzee Abednego anashuka shimoni na viatu vyake. Anapitisha kidole kwenye jiwe, kinatoka cheusi. Anautazama ukingo wa shimo, uko juu ya kiuno chake, kisha anamtazama mama yake aliyekaa kwenye mkeka mlangoni.

"Nileteeni nyundo," anasema. "Mabati nang'oa mwenyewe. Nyie mtayabeba."

Vigelegele vinapasua ua mzima.

Jumamosi iliyofuata baragumu lililia kuita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ambayo Mpare hakwepi bila kusemwa. Walikuja zaidi ya sitini. Wengine walibeba matofali, wengine milango. Bibi Raheli alibebwa kwenye kiti, akiwakemea vijana kwamba wanatembea kama wamebeba mayai. Mpaka jioni kuta za nyumba mpya, kwenye mwinuko wa karibu na shule, zilikuwa zimefika madirishani.

Alipoulizwa na mwandishi anapanga nini baada ya nyumba hiyo ya mwisho, Redempta alinawa chokaa mikononi, akafikiri kidogo.

"Tangu themanini na sita, mvua ikinguruma mlimani usiku, mimi nakaa kitandani macho hadi kunakucha, nasikiliza nani atapiga kelele," alisema. "Masika ya mwaka huu nimepanga jambo moja tu. Nitalala."