Mfuko Ndani ya Pindo

Kwa miaka kumi na tisa Mama Sindano alikuwa fundi cherehani wa kikundi cha ngoma cha taifa, kile ambacho wizara hukipeleka ng'ambo ili dunia ione kwamba sisi ni watu wa furaha. Hata ngoma ya msiba ilifupishwa ikawa ya dakika nne, na wachezaji wakaamriwa kutabasamu. Mama Sindano aliguna, akashona. Alijua kilichoponza kichwa ni mdomo.

Safari hii hata kuguna hakuthubutu. Binti yake alikuwa mmoja wa wachezaji, na hakukusudia kurudi. Paspoti zingeshikwa na kiongozi wa msafara, lakini vyeti vyake alitaka awe navyo mwilini.

"Mama, nishonee mfuko ndani ya pindo."

Alikataa siku mbili. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Siku ya tatu akashona.

Asubuhi ya ukaguzi ikafika. Safari iliyopita wachezaji watatu walitoroka, na tangu hapo wizara ilimweka afisa usalama, waliyemwita Jicho, apapase kila vazi na kusafiri nao. Alipapasa moja baada ya jingine. Kwenye sketi ya kumi na moja vidole vyake vikasimama pindoni. Karatasi ikachakarika. Mama Sindano akashika meza.

Jicho akaitundika sketi, akaandika "sawa", akaendelea mpaka ya mwisho. Wengine walipotoka, akafunga mlango na kuvua koti.

"Mama, nataka mfuko kama ule."

"Upi tena, baba?"

"Tusichoshane, mama." Akaweka bahasha mezani.

Mtego huu, aliwaza. Akishona, amekiri, akikataa, pindo la mwanawe litafumuliwa sasa hivi. Akafungua bahasha. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa na vyeti viwili vya ufundi umeme, vyote vya Jicho mwenyewe. Akainua macho. Yule bwana alikuwa ameshaligeuza koti ndani nje, akimwonyesha bitana.

"Na wakija kuuliza nani alikagua?"

"Mimi hawatanikuta."

Basi wangemkuta yeye. Hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

"Huko mbele utamwangalia mwanangu?"

"Nitamwangalia, mama."

Akalivuta koti, akaanza kufumua bitana.