Majina Kumi na Moja

Wageni wa shirika moja la misaada mjini Juba waliijua sauti ya Betty Keji kabla ya kuijua sura yake. Kwa miaka tisa alikuwa amekaa katika chumba cha redio, akiyaita magari asubuhi na jioni, akihakikisha kila mtu yu salama. Kiswahili alitoka nacho ukimbizini Uganda. Kiingereza na Kiarabu cha Juba alijiongezea kazini.

Mapigano ya Julai 2016 yalimkuta akiwa zamu siku ya Ijumaa. Hakuweza kurudi mtaani kwake, Lemon Gaba, alikomwacha mama yake na bintiye Pearl, mwenye miaka saba. Simu zilikatika. Risasi zilipokaribia, wageni waliingia katika handaki la zege nyuma ya ofisi. Mwongozo ulisema handaki ni la wafanyakazi wa kimataifa. Betty alijilaza chini ya meza ya redio, mabati yakitikisika juu yake.

Siku ya tano bunduki zilipoa kidogo, ndege ikaruhusiwa kutua. Mkuu wa usalama, Mholanzi aitwaye Pieter, akampa karatasi yenye majina kumi na moja ayaite. Aliyaita. La mwisho lilikuwa la Oliver, kijana aliyefika wiki tatu tu zilizopita, ambaye Betty mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutumia redio.

"Jina langu silioni," alisema.

"Wenyeji hubaki makwao," Pieter alijibu, akifunga mkoba. "Ndiyo sera, Betty. Sikuiandika mimi."

"Kwangu ndiko wanakopigana."

Pieter aliweka funguo zote mezani na kumwomba abaki redioni mpaka ndege iruke, maana hakuna mwingine aliyejua barabara zipi ziko wazi.

Akabaki. Aliwaongoza kizuizi kwa kizuizi hadi uwanja wa ndege, sauti imetulia. Mama yake aliwahi kumsimulia habari za babu, mpishi wa afisa Mwingereza. Alipika ndani ya mtaa wa wazungu mchana kutwa, lakini jua lilipozama alipaswa awe ameshatoka. Betty alidhani hayo yalikwisha zamani.

Ndege iliruka saa nane mchana.

"Romano," alimwita dereva aliyewapeleka, "pitia Lemon Gaba. Nichukulie mama na mtoto."

"Dada, kule bado wanapiga."

"Najua."

Redio ikakwaruza. "Haya. Mimi iko njiani."

Kisha kimya. Betty aliita, akasikiliza, akaita tena. Milio ilianza upya upande wa magharibi. Akiona ataingiwa na wazimu, alichukua ufunguo akaenda kulifungua handaki. Akarudi redioni na kuwaita wapishi, walinzi na wafagiaji kwenye redio zao za mkononi, kila mmoja kwa jina lake. "Njooni na watoto. Handaki liko wazi."

Gari lilifika baada ya saa nzima, kioo cha mbele kimevunjika. Pearl alikuwa chini ya kiti, bibi yake amemlalia. Romano hakuweza kuachia usukani. Betty alimbandua kidole kimoja kimoja.

Watu thelathini na wanne walikaa handakini siku tatu. Siku ya pili wanyang'anyi walivunja geti. Waliokuwa ndani walisikia viatu vikizunguka juu, makabati yakiangushwa, mtu akilisukuma lango la chuma. Betty alimziba Pearl mdomo hadi alama za vidole zikabaki shavuni. Mwishowe viatu vikaondoka.

Wageni walirudi Septemba. Pieter alimletea Betty barua ya onyo, kwa kufungua handaki kinyume cha taratibu.

"Saini hapa," alisema, bila kumtazama.

Betty alisaini. Mwaka mpya ulipoanza, alimpeleka Pearl kwa shangazi yake mjini Arua, Uganda.

Pearl sasa yuko sekondari, na bado halali katika chumba chenye mlango mmoja. Tetesi za vita zimerudi Juba. Betty yuko redioni, na orodha mpya ya majina ya watakaoondolewa imeshabandikwa ukutani. Hajaisoma.