Nimekupata, Ova

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa zahanati moja ndogo katika barabara ya kwenda Vanga, mtu wa bara peke yangu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa redio ya mawasiliano. Kila saa kumi alasiri nilizungumza na karani mwenzangu wa Msambweni, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Siku nyingine sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Redio ile ilikuwa na vituko. Leo ungemsikia hata akimeza chai. Kesho, saa ile ile, mvumo mtupu. Fundi alituambia mashine haina kosa: juu kabisa angani kuna tabaka linalorudisha sauti ardhini, na jua hulichezea, likabadilika hata ndani ya robo saa. Nami nilikuwa na kiburi. Kumwambia mtu "rudia" mara tatu niliona ni kujidhalilisha, kwa hiyo nilipochoka nilijibu, "Nimekupata, ova," yaani nimesikia yote, zamu yako, nikazima. Kwa kawaida ilikuwa habari ya chanjo, na chanjo zingekuja tu.

Alasiri moja sauti ilikuja vipande vipande. Nilinasa "mgeni" na "kesho", nikadhani ni mkaguzi. Nikasema nimekupata, nikafagia ofisi, nikapiga pasi shati. Mkaguzi hakuja. Siku mbili zilizofuata sikupata neno hata moja redioni.

Siku ya tatu sauti ilirudi, safi kana kwamba yumo chumbani.

"Kakangu, wewe ni mtu wa aina gani? Mamako ametoka bara, amefika hapa miguu imemvimba, gari la kuja huko kwako hawezi kupanda. Aliomba umfuate. Siku mbili amekaa kwenye benchi langu."

Mama na mimi hatukuwa tumeonana miaka minne. Niliondoka nyumbani tukiwa tumegombana, na barua zake sikuzijibu.

"Yuko wapi?"

"Amerudi kwao leo alfajiri. Kila saa alikuwa akiniuliza, labda ujumbe haukufika? Nikamwambia umefika, mama, mwenyewe amesema amenipata. Ova."

Nilibonyeza kitufe nijibu. Redio ilikuwa wazi kabisa, nami nilikuwa nikilia tu.