Nyumba ya Mviringo ya Kasenga

Usinisimulie habari za nyumba nzuri, mimi nimekulia ndani yake. Siku hizi nawasikia makomisioneri wa hapa Uvira, wale wanaotembeza wanunuzi wa nyumba kwa pikipiki, wakisifu majumba ya juzi juzi yenye nguzo kama za benki na vioo vya bluu. Moyoni nacheka, maana nyumba aliyoijenga papa, baba yangu, juu ya mtaa wa Kasenga, pale mlima unapoanza, haikuwa na nguzo hata moja, na watu walitoka Bujumbura kuja kuitazama.

Papa alikuwa mjenzi. Hakutaka kuuchimba mlima ili apate kiwanja cha mraba kama kila mtu. Aliufuata ulivyojipinda, ndiyo maana ukuta wa mbele ukawa wa mviringo, mawe ya mto Kalimabenge kutoka chini hadi juu. Barza yetu, ile baraza ya mbele, ilizunguka pamoja na ukuta, na ukikaa pale ulikuwa unaliona ziwa lote mpaka milima ya Burundi. Madirisha aliyatazamanisha, hili na lile, upepo wa mlimani uingie kwa nyuma na kutokea ziwani. Hata wakati wa jua kali hakuna aliyejipepea. Na juu ya yote hayo, mategura, vile vigae vyekundu vya udongo, yaliyochomwa kwa wajomba zangu Runingu. Kuezeka mategura juu ya ukuta uliopinda ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Maharusi wa parokia walikuja kupiga picha kwenye barza yetu, na mama aliwaamuru wapanguse viatu kwanza, hata bibi harusi.

Vita ilipofika, papa alikuwa ng'ambo, Bujumbura, kwenye kazi yake. Mpaka ukafungwa. Nyumbani tukabaki mama, mimi niliyekuwa nimemaliza shule ya sekondari, na wadogo zangu.

Wakubwa wa vita walipenda nyumba nzuri. Hawakusema wananyang'anya, la, walikuwa na adabu zao: walisema wananunua. Walikuja na komisioneri, na karatasi ya mauzo, na bei waliyoipanga wenyewe, na askari wa kushuhudia. Ukitia sahihi, basi, umeuza, na hata vita ikiisha hakuna hakimu wa kukurudishia.

Wa kwetu alikuja Jumapili baada ya misa. Komanda mmoja mnene, mpole wa sauti, komisioneri akimtangulia kufungua milango kama nyumba ni ya baba yake. Komanda alizunguka kila chumba, akayapapasa mawe, akakaa kwenye kiti cha papa na kulitazama ziwa. Aliisifu kwa dhati, siwezi kumnyima hilo, jicho alikuwa nalo. Nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo. Halafu akamwambia mama kwamba ataleta karatasi Jumamosi, na ingefaa akute vyumba vitupu.

Kumkatalia ilikuwa kutafuta kifo. Mama akamjibu vizuri, akasema karibu. Mimi nilipandwa na hasira, na walipoondoka nikamuuliza mama kama ameishiwa akili. Akanitazama.

"Weye funga mudomo," akasema, "ulete ngazi."

Jumatatu asubuhi wamama wa Kasenga wakajaa kwenye parseli yetu, kiwanja kizima, na mabeseni. Mama mwenyewe, kikwembe kimekazwa kiunoni, akapanda mpaka mgongoni mwa paa, akaanza kuteremsha mategura, mimi nyuma yake. Tukayapokezana mkono kwa mkono, kutoka paani mpaka kwenye ngazi mpaka njiani, na kila mama akajitwika beseni lake kwenda kuyaficha kwake: chini ya kitanda, nyuma ya jiko, mwingine kwenye banda la nguruwe. Askari wa doria wakapita, wakauliza kuna nini. Mama akawajibu bila kugeuka kwamba paa linavuja, na mkubwa wao hawezi kupewa nyumba inayovuja. Wakamsifu. Mmoja akashika ngazi ili isiteleze. Haki ya Mungu, nilikaribia kuanguka kwa kicheko.

Kicheko kilinikauka niliposhuka nikaingia salon, sebuleni kwetu, na kuona anga. Niliona uchungu kama wa msiba.

Jumamosi komanda akaja. Mama alikuwa amevaa kikwembe chake cha sikukuu. Akampokea barzani, akamtembeza kama komisioneri wa kweli: hapa ni salon, mwanga iko ya kutosha, hapa ni chumba cha wageni, hewa iko mingi. Komanda alikuwa anatazama mawingu. Akauliza mategura yako wapi. Mama akasema aliyashusha ili paa litengenezwe, na vita ni vita, watu wakayabeba. Komanda angefanya nini? Tanuri zote za mategura kule uwandani zilikuwa zimezimwa na vita, na mabati yasingekubali ule mpindo. Alimgeukia komisioneri, akamuuliza kwa ile sauti yake ya upole kama amemleta kununua zizi la ng'ombe. Wakaondoka. Pikipiki ya komisioneri waliichukua wao, yeye akateremka kwa miguu, na mpaka leo sijamhurumia.

Nyumba ikabaki yetu, na mvua ikaingia. Tuliishi jikoni chini ya bashi, turubai la plastiki, na mama kila siku alifagia maji salon kama mtu anayengoja wageni. Najivuna kuwa mtoto wa mwanamke yule, nalisema popote. Hakumwogopa komanda, hakuwaogopa askari. Aliogopa jambo moja tu, siku ambayo papa angerudi. Aliniambia kwamba ile nyumba ni maisha yote ya mume wake, na aliyeivunja si adui, ni yeye mwenyewe.

Njia ilipofunguka, papa akarudi. Alisimama kwenye parseli na mfuko wake mkononi, akatazama juu. Kisha akauzunguka ukuta wote, akipapasa alama za maji. Mama alimfuata nyuma akieleza, komanda, karatasi, wamama.

"Nani alipanda?" papa akauliza.

"Minye mwenyewe."

"Ulianzia wapi?"

"Juu, ku mgongo. Nikashuka polepole, safu kwa safu. Hakuna yenye ilivunjika mu mikono yangu."

Papa akaweka mfuko chini. Akamtazama mama vile ambavyo sijawahi kumwona akimtazama fundi yeyote.

"Basi kesho tunaezeka, tunaanzia chini," akasema. "Ita bale bamama."

Mama akaketi pale pale kwenye majani, akajifunika uso kwa kikwembe, akalia kwa mara ya kwanza tangu vita ianze.