Sauti ya Saa Kumi Ndani ya Gitaa la Baba

Harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka pamoja na ulimbo hainiachi. Naipata mara moja moja nikipita kwa mafundi wa simu, na kila nikiipata naharakisha hatua, kwa sababu kwangu mimi ile si harufu ya ufundi, ni harufu ya kosa. Kwetu ilikuwa ikinukia kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, ikichanganyika na moshi wa mkaa na chumvi ya bahari iliyokuwa ikila kila chenye chuma pale Mtwara. Tulikaa nyumba za watumishi, sisi watu wa Njombe tulioletwa na kazi ya baba, fundi umeme bandarini. Wenzake wakitoka kazini walikwenda kucheza bao. Baba alitengeneza magitaa ya umeme. Usiniulize aliupata wapi wazimu huo. Bendi moja ilipita mjini, akaliomba gitaa lao, akaligeuzageuza kwa dakika kumi chini ya macho ya mwenyewe, akarudi nyumbani hasemi na mtu. Kesho yake alianza kuchora kwenye sakafu kwa chaki.

Hakukuwa na duka la vitu hivyo, basi kila kitu kilikuwa zamani kitu kingine. Kiwiliwili kilitoka katika kabati la mninga lililovunjika, sumaku zilitoka katika spika zilizokufa, na waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, ulifumuliwa kutoka redio zilizoungua. Waya huo ulizungushwa kuwa koili, ile inayolala chini ya nyuzi na kusikia zinavyotikisika, na kazi hiyo ilifanywa kwa cherehani ya mama. Mama alilalamika kwamba mashine ya kushonea magauni ya watu imegeuzwa kiwanda, lakini hakumwachia mtu mpini. Mkono wake tu ndio haukukata waya. Mimi Koleta, mtoto wa miaka tisa, nilihesabu mizunguko. Kila mia moja nilitia punje ya mbaazi katika bakuli, na ole wangu nikipotea, maana baba alikuwa tayari kuifumua yote na kuanza upya. Katika nyumba ile nilijiona mtu mkubwa sana.

Nyuma ya ua wetu aliishi Mama Rafaeli, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma aliyevuka na mwanawe kuvikimbia vita vya Wareno. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye chale usoni na maneno machache. Rafaeli alikuwa kijana wa miaka kama ishirini, mchongaji wa mpingo, na ndiye pekee mjini aliyeona kazi ya baba si kichekesho. Gitaa la tatu walilifanya pamoja, na lilikuwa lake. Alichonga shingo mwenyewe, akabandika juu yake ubao wa mpingo uliong'aa kama maji, na pale juu kabisa, penye vigingi vya kukazia nyuzi, akachonga sura ya mtu mwenye mdomo wazi kidogo. Nilimuuliza huyo ni nani. Akacheka, akasema hamjui bado. Sikuipenda sura ile tangu siku ya kwanza.

Kabla nyuzi hazijafungwa, Rafaeli alivuka mto kurudi kule, kujiunga na wapiganaji. Hakutuaga kwa kirefu. Alimwambia baba amalizie, yeye atakuja kulipiga vita vikiisha, na mimi akaniambia nisisahau hesabu. Baba akamalizia, ila waya mmoja. Huo aliuita waya wa ethi, uliotakiwa kutoka kwenye chuma cha nyuzi hadi kwenye kipaza sauti. Kipaza sauti chetu kilikuwa redio kuukuu ya taa za kioo, na redio zile, baba alinionya huku amenishika sikio, zilikuwa na umeme unaotembea hadi kwenye bati lake la ndani. Ukiunga waya ule, muungurumo wote utaisha, gitaa litatulia kabisa. Lakini siku plagi ikichomekwa upande usio wake, mwenye kushika nyuzi anakufa amesimama. Kwa hiyo aliuviringisha ncha kwa utepe, akauacha uning'inie ndani, akingoja siku atakapopata transfoma ya maana ya kuutenga umeme ule. Nilielewa. Hapo sina pa kujificha, nilielewa vizuri sana.

Sasa, siku moja saa kumi alasiri, gitaa limechomekwa, limelala mezani, hakuna mtu aliyeligusa, likasema. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, ya taratibu, kama mtu anayesema akiwa amelala chali. Mama aliacha chungu jikoni akaja na mwiko mkononi. Baba naye alishtuka, nilimwona, ila alijikaza kisabuni akacheka, akasema ni redio tu: koili isiyo na ethi inanasa mawimbi kama waya wa antena, na kuna watu mahali fulani wanatangaza. Sauti ilikuwa ya Kimakonde, na sisi hatukukijua. Tukamwita Mama Rafaeli atufasirie. Akaja akifuta mikono, akasimama mlangoni, akasikiliza. Kisha akakaa chini palepale sakafuni.

"Ananisalimia," alisema. "Mwanangu ananisalimia."

Tangu siku ile Mama Rafaeli alikuja kila siku na kigoda chake, saa kumi kasorobo, akakaa mbele ya gitaa mikono magotini. Sauti ilikuja, ilikaa muda wa kuiva ugali, ikaondoka. Alikuwa akiitikia. Ndicho kilichotutia woga sisi wengine, kule kuitikia kwake, kwa heshima na kwa kunong'ona, akiitazama ile sura yenye mdomo wazi. Jioni zile alikuwa akirudi kwake akiimba. Mama alimwambia baba amweleze ukweli, kwamba hiyo ni redio na huenda si mwanawe. Baba alisema, amweleze ukweli gani, kwani yeye mwenyewe anaujua?

Mimi nilianza kuogopa chumba kile hata mchana. Nilipita mlangoni mbiombio nimeangalia pembeni. Na siku moja mama amekwenda sokoni, baba kazini, Mama Rafaeli amechelewa kwa mvua, sauti ikaja nikiwa peke yangu. Nilikuwa nimesimama barazani. Mvua inapiga bati, na katikati ya Kimakonde kile nisichokijua, nikasikia jina langu. Koleta. Ikapita kidogo, ikarudia: Koleta. Nywele zikanisimama. Sikuona kitu kingine isipokuwa ile sura pale juu, na nikaapa kwamba mdomo wake ulikuwa umefunguka zaidi ya jana.

Sikumwambia mtu. Jumamosi, wazazi na Mama Rafaeli walipokwenda kwenye harusi, nilitia chuma cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, nikafungua kifuniko cha nyuma cha gitaa, nikautoa waya wa ethi katika utepe wake, nikaulehemu mahali pake. Tone la risasi likawa kubwa kama punje ya mbaazi. Nikafunga skrubu, nikazima mkaa, nikanawa. Saa kumi gitaa halikusema. Nakumbuka raha niliyoisikia, na ndiyo inayonitia haya hadi leo.

Kesho yake Mama Rafaeli alikuja na kigoda. Akangoja. Kesho kutwa akangoja. Baba alihangaika na redio, akasema labda wamehamisha mitambo, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikichezea upindo wa gauni langu. Siku ya saba hakuja. Tulimwona asubuhi yake uani, ananyolewa nywele na jirani, uso mkavu. Alituma mtu kwa baba kusema kwamba mwanawe amenyamaza, na mtu wa namna ile hanyamazi hivihivi akiwa hai. Wakaweka matanga. Shati la Rafaeli la Jumapili likazikwa kwa sala, kwa kuwa hakukuwa na mwili. Tulikwenda wote. Nilipewa wali wa msibani na sikuweza kuumeza, watu wakanisifu kwamba mtoto huyu ana huruma. Baba alilifunika gitaa kwa kanga akalitundika, kwa sababu nyumba jirani na msiba haipigi muziki, na hata matanga yalipoanuliwa hakuwa na moyo wa kulishusha. Mama Rafaeli aliendelea kunyoa. Aliendelea kuitwa Mama Rafaeli pia, na kila alipoitwa aligeuka polepole, kama aliyesikia vibaya.

Vita vikaisha. Alasiri moja ya mwaka uliofuata, mtu alisimama nje ya ua wetu, amekonda, anachechemea, akamwita baba, "Fundi." Alikuwa Rafaeli. Mama alipiga ishara ya msalaba. Baba alimshika mabega, akamshika uso, kama mtu anayekagua mbao. Rafaeli akasema ametoka kwa mama yake kwanza, na mama yake amemfungia mlango. Amemwambia kwa upole kabisa kwamba yeye mwanawe alikwisha kumlilia akamzika, na hakifungulii kitu kilichochukua sura yake. Tulipokwenda kumbembeleza alijibu kutoka ndani, bila kufungua.

"Kama ni yeye, aseme ndani ya gitaa. Huko ndiko ninakomjua."

Mwishowe Mama Rafaeli akakubali kutoka na kusogea hadi kwenye ua, akasimama upande wake, kichwa kipara, macho chini. Baba akalishusha gitaa, akapangusa vumbi, akavuta waya hadi barazani, akachomeka redio bila kutazama plagi imekaa upande gani. Rafaeli akalishika gitaa shingoni kwa nyuma, mbali na nyuzi, machozi yanamtoka, akainua mkono wa kulia kuupeleka kwenye nyuzi. Mwaka na zaidi nilikuwa nimeibana siri ile. Wallahi, kama angekuwa mtu mwingine sijui kama ningesema.

"Baba, asiguse! Waya wa ethi niliuunga mimi."

Baba alichomoa plagi kwa kasi iliyong'oa na tundu lake ukutani. Hakunipiga. Alifungua kifuniko cha nyuma, akaliona tone langu la risasi, akanitazama, na nadhani alikwisha kuelewa yote kabla sijaeleza: kuogopa kwangu, kimya cha zile siku saba, nywele za Mama Rafaeli. Nilieleza hata hivyo, nikilia, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua. Nikasema hata sababu, kwamba sauti iliniita jina langu.

Rafaeli akakaa barazani. Alisema kwamba kule porini walikuwa na mwenzao mmoja aliyekuwa msomaji wa redio ya wapiganaji, na mara kwa mara aliwapelekea salamu wazazi wao. Yeye alimwandikia karatasi ya salamu, isomwe mara nyingi iwezekanavyo. Za mama yake, za Fundi na mkewe.

"Na za Koleta," alisema. "Niliandika, Koleta asisahau hesabu."

Sijawahi kupigwa kofi likaniingia kama lile neno. Mama Rafaeli alikuwa amesikia yote. Aliuliza kimya kimya, kwa Kiswahili chake cha kuvutavuta, kwamba basi mwanawe hakunyamaza mwenyewe. Rafaeli akasema hakunyamaza, mama. Mama yake akaomba kusikia kwa mara ya mwisho. Baba akauchomoa waya wangu, akauviringisha utepe, akachomeka tena kwenye tundu la jikoni, akaliweka gitaa chini, watu wote mbali nalo. Ilikuwa imekaribia saa kumi. Sauti ikaja. Nzito, taratibu, ileile. Mama Rafaeli akaitikia kama zamani, na alipoitikia mara ya pili alikuwa amekwisha kupita kwenye ua, amekishika kichwa cha mwanawe kifuani. Alilia kwa sauti, kilio ambacho hakulia siku ya kuzika shati.

Rafaeli hakulia. Alikuwa amelitolea gitaa macho, rangi imemtoka. Baba akamuuliza kuna nini. Akajibu kwamba msomaji yule walimzika kabla vita havijaisha, na redio yenyewe ilikwisha kufungwa. Baba alisema watakuwa wamerekodi, wanarudia. Rafaeli akasema hawakuwa na mashine ya kurekodia, jamaa alikuwa akisoma karatasi mkononi. Baba akainama akazima redio, akachomoa na plagi. Hatukulichomeka tena gitaa mwaka ule.

Mama Rafaeli alinisamehe siku ileile, akanipaka mafuta kichwani kwa mkono wake, akasema hata yeye aliogopa, ila aliogopa zaidi kutokuitikia. Walirudi kwao, na Rafaeli akaliacha gitaa kwetu, akisema ile sura aliyoichonga sasa anaijua ni ya nani, ni ya yule msomaji. Sasa ninalo mimi, mwanamke mwenye wajukuu. Wajukuu wananisikilizisha sauti za watu wa dunia nzima katika simu zao, na wanazikata katikati ya neno bila kufikiri, na mimi siwakemei, maana niliwahi kukata moja tu na bado nadaiwa. Mwezi uliopita nililichomeka, waya wa ethi ukiwa nje na utepe wake. Ilipotimu saa kumi ukaja muungurumo, muungurumo mtupu wa umeme. Hata hivyo nilikuwa nimekwisha kuvuta kigoda. Nikaitikia, nikamwambia yeyote aliyekuwa akisikia kwamba Koleta hakusahau hesabu.