Mwimbaji Aliyetupigisha Magoti Kasense

Enzi za Ujamaa gari la sinema lilikuja kijijini kwetu Kasense kutufundisha kuchimba vyoo. Filamu ilipoisha, fundi wa sinema akatuwekea nyingine ya Mmarekani mweusi anayeimba muziki wa soul jukwaani. Yule bwana aliimba huku analia, mwisho akapiga magoti. Shangazi yangu, mke wa katekista, naye akapiga magoti, na kijiji kizima kikamfuata. Nilichukia kweli, maana nilitaka kucheza, na pale chini palijaa changarawe.

Miaka mingi baadaye nilinunua televisheni, na mwimbaji yuleyule akatokea, mzee, anaimba ameketi kitini. Shangazi, ambaye siku hizo misa yote aliisali ameketi, akamtazama kwa huruma.

“Afadhali,” akasema. “Naona na yeye padri wake amemruhusu.”